Bakteria wa ndani ya mmea na shamba lenye metali nzito: maswali na majibu

Nasikia kuna bakteria wanaokula metali nzito zenye sumu, kama risasi na kadimiamu, shambani. Kweli?

Hapana, na hapa ndipo wengi wanapopotea. Mafuta yaliyomwagika bakteria huweza kuyavunjavunja, lakini metali haivunjiki. Kinachobadilika ni mahali ilipo, na kama mizizi inaifikia.

Sasa kazi yao ni ipi?

Wanaishi ndani ya mmea, kwenye nafasi kati ya seli za mzizi, shina na hata jani, bila kuudhuru. Mmea uliopandwa kwenye udongo wenye sumu hudumaa: mizizi mifupi, majani ya njano. Kinachochangia ni gesi ya ethilini, ambayo mmea huitoa kwa wingi ukiwa taabani. Baadhi ya bakteria hawa, wakiwamo wa jamii za Pseudomonas na Bacillus, wana kimeng'enya kinachoharibu malighafi ya gesi hiyo, na mzizi huendelea kurefuka. Wengine hutoa asidi zinazobandua metali kwenye chembe za udongo, mmea ukaifyonza zaidi.

Kufyonza zaidi? Si ndiyo hatari yenyewe?

Ndiyo, kama mmea unaliwa. Kwa kusafisha hupandwa mmea usio chakula, unavunwa na kuondolewa wote shambani. Usiwape mifugo, usiutie kwenye mboji, usiufanye kuni. Njia nyingine ni kinyume chake: bakteria wanaoibana metali mizizini isipande kwenye punje. Anayefaa njia ya kwanza ni balaa kwenye ya pili, kwa hiyo binafsi siwezi kumshauri mtu anunue pakiti iliyoandikwa tu "husafisha udongo".

Kadimiamu hufanya nini mwilini?

Hujikusanya kwenye figo, na nusu yake huchukua miaka 10 hadi 30 kutoka. Kwenye bonde la mto Jinzu, Japani, maji yenye taka za mgodi yaliingia mashamba ya mpunga. Walioumia zaidi ni wanawake wa makamo na wazee. Mifupa yao ililainika na kuvunjika kirahisi. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani "inauma, inauma". Serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968.

Nikiosha mboga sana?

Risasi nyingi huwa kwenye vumbi, hivyo kuosha na kumenya kunasaidia. Kadimiamu imo ndani ya jani, maji hayaitoi.

Kusafisha huchukua muda gani?

Miaka, mara nyingi makumi ya miaka. Wakati huo, kwenye udongo wenye asidi, chokaa hupunguza kadimiamu inayoingia kwenye mazao. Ila pima udongo kwanza: kama tatizo ni aseniki, sumu nyingine ya udongoni, chokaa hiyohiyo inaweza kuilegeza, mmea ukaifyonza zaidi.