Nyongeza ya mshahara haifuti msongo

"Mwongezeeni mshahara, ataacha kulalamika." Kauli hii inanichosha, kwa sababu wanaoitoa ndio wenye uwezo wa kurekebisha kazi yenyewe.

Johannes Siegrist, mwanasosholojia aliyeieleza mwaka 1996 nadharia ya mizani ya juhudi na malipo, yaani msongo huja mtu akitoa zaidi ya anachopata kazini, hakukusudia fedha peke yake. Malipo ni pia heshima, nafasi ya kupanda cheo na uhakika wa ajira. Tazama dodoso lake fupi. Juhudi zina maswali 3: kukimbizwa na muda, kukatizwa kazi, na kazi kuzidi kuwa nzito. Malipo yana maswali 7, na kila swali lina alama 1 hadi 4. Katika hayo 7, mshahara umeulizwa mara moja tu. Heshima imeulizwa mara mbili.

Piga hesabu ya mfanyakazi mmoja. Juhudi 10, malipo 14. Malipo zidisha kwa 3/7, maana idadi ya maswali hailingani, unapata 6. Gawa 10 kwa 6: 1.67. Ikizidi 1, mtu anatoa zaidi kuliko anachopata. Sasa mpe nyongeza nono, swali la mshahara liruke kutoka 1 hadi 4. Malipo yanakuwa 17, uwiano 1.37. Bado! Uache mshahara ulivyo, ila punguza kumkatiza kazi na mpe muda unaotosha, juhudi zishuke hadi 7. Mkuu wake aanze kuithamini kazi yake, maswali ya heshima yapande alama 2 kila moja. Malipo 18, uwiano 0.91.

Angalieni: maswali 3 ya malipo yameulizwa kinyume, kama lile la ajira isiyo na uhakika. Alama zake hugeuzwa, 4 iwe 1. Usipogeuza, anayeogopa kuachishwa kazi ataonekana analipwa vizuri. Na bosi asikusanye fomu mwenyewe, atajaziwa uongo.

Nakiri, hiyo 1 ni mpaka wa hesabu, si wa mwili. Mwenye 0.98 hajapona. Tena aliyekwisha kuchoka huiona ndogo hata heshima anayopewa, na dodoso la siku moja haliwezi kusema kipi kilitangulia. Ndiyo maana napima mara mbili, sambamba na kipimo cha Kifini cha uwezo wa kufanya kazi, chenye alama 7 hadi 49. Chini ya 28 ni uwezo dhaifu. Kipimo hicho huhesabu pia magonjwa na siku za kuugua. Kwa hiyo uwiano ukishuka na uwezo usipande, anza kuuliza maradhi.