Sikukuu isiyokausha mfuko: dhana zinazotuhangaisha na ukweli wake

Wikendi ndefu ya sikukuu huwagawa wazazi makundi mawili. Wapo wanaotumia mpaka mwezi unaofuata unaanza na madeni, na wapo wanaobaki nyumbani huku roho zikiwasuta kwamba wamewanyima watoto kitu. Wote wanasumbuliwa na dhana zilezile. Nyingi zimeshapimwa na watafiti zikaonekana hazina mguu wa kusimamia, na chache zina ukweli nusu. Moja, niliyoiweka mwisho, tunaieneza sisi wenyewe tunaopenda kubana matumizi.

Dhana: Siku isiyo na matumizi makubwa haikumbukwi

Mwaka 1993 mwanasaikolojia Daniel Kahneman na wenzake waliwaomba watu watumbukize mkono kwenye maji ya nyuzi 14 za Selsiasi kwa sekunde 60. Katika zamu nyingine walivumilia sekunde 60 zilezile, kisha wakaongezewa 30 ambazo maji yalipashwa polepole hadi nyuzi 15. Bado yalikuwa baridi ya kuuma, ila afadhali kidogo. Walipoulizwa wangekubali kurudia zamu ipi, wengi walichagua ile ndefu. Yaani walichagua mateso ya muda mrefu zaidi kwa sababu tu mwisho wake ulikuwa nafuu.

Jaribio hilo na mengine ya aina yake yanaonyesha kwamba tunapolikumbuka tukio tunalipima zaidi kwa kilele chake na kwa namna lilivyoisha. Urefu wake hatuupi uzito mkubwa. Sasa fikiria matembezi ya gharama yanavyoishia: foleni ya kutokea getini, msongamano barabarani, mtoto analia kwa usingizi, baba ananung'unika juu ya pesa iliyoondoka na mama anatafuta kiatu kilichopotea. Mnaofanyia mambo yenu karibu na nyumbani mna uwezo wa kuamua siku iishe vipi. Utumieni. Funga mchezo watoto wakiwa bado wanautaka, na jambo tamu kuliko yote liwekwe jioni.

Kwa familia zenye watoto wachanga kuna nyongeza: watu wazima wengi hawakumbuki karibu chochote cha kabla ya umri wa miaka mitatu hivi. Sherehe kubwa ya mtoto wa miaka miwili ni ya wakubwa. Hakuna ubaya, mradi mjue mnamgharimia nani.

Dhana: Jambo zuri lazima liwe la kushtukiza

Watafiti wa Uholanzi wakiongozwa na Jeroen Nawijn walichapisha mwaka 2010 matokeo ya kuwafuatilia watu 1,530, baadhi yao wakiwa wasafiri wa likizo. Waliokuwa wakiisubiri safari walikuwa na furaha zaidi ya wasiosafiri. Waliporudi, tofauti ilikuwa imetoweka, isipokuwa kwa wale waliosema mapumziko yao yalikuwa matulivu sana. Kumbe sehemu kubwa ya utamu iko kwenye kusubiri, na kusubiri hakuna kiingilio.

Kwa hiyo ukishapanga, sema. Andikeni ratiba kwenye karatasi, ibandikwe ukutani, kila mtu achague jambo moja litakalokuwa lake. Tahadhari moja tu: mtoto wa miaka minne akiambiwa siku tatu mapema atauliza kila baada ya dakika kumi kama muda umefika. Huyo aambiwe usiku wa kuamkia siku yenyewe.

Dhana: "Usinunue vitu, nunua matukio"

Hii ina ukweli ndani yake. Mwaka 2003 Leaf Van Boven na Thomas Gilovich walionyesha kwamba watu wakikumbuka pesa walizotumia kwenye matukio, kama safari au tamasha, hujiona wenye furaha zaidi kuliko wakikumbuka walizotumia kununulia vitu. Matokeo yao yakageuzwa wosia unaorudiwa kila penye mazungumzo ya pesa na furaha.

Kisichorudiwa sana ni utafiti wa mwaka 2018 wa Jacob Lee, Deborah Hall na Wendy Wood. Waliangalia hali ya maisha ya walioulizwa, wakakuta wosia ule unawafaa zaidi wenye nafasi. Kwa wenye kipato kidogo, vitu vilileta furaha sawa na matukio, na wakati mwingine kuyazidi. Mimi hili halinishangazi. Tiketi inakwisha kazi yake jioni ileile, na mpira unadumu hadi utoboke. Seti ya karata 52 ina michezo ambayo familia haitaimaliza hata watoto wakue, na dhumna zenye vipande 28 zinawatosha babu na mjukuu kwenye meza moja. Kama fedha iliyopo inatosha jambo moja tu la sikukuu, kitu kinachochezwa na watu wengi, mara nyingi, ni chaguo la busara, na asikuaibishe mtu kwa kulichagua.

Kosa ni kudhani kwamba kama kimoja ni kizuri, kumi na sita vitakuwa vizuri zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, mwaka 2018 walieleza walivyowaangalia watoto wadogo 36 wakicheza, mara wakiwa na vitu 4 vya kuchezea, mara wakiwa na 16. Penye vichache walidumu na kila kitu kwa muda mrefu na wakabuni namna nyingi za kukitumia. Basi wiki kadhaa kabla ya sikukuu kusanya nusu ya midoli, ifiche kwenye boksi juu ya kabati. Ikirudi siku ya sikukuu inapokelewa kama mgeni. (Boksi lenyewe pia usilitupe, maana huenda likapendwa kuliko vilivyomo.)

Dhana: Mtoto akisema "sina cha kufanya", mzazi ameshindwa

Sandi Mann na Rebekah Cadman, mwaka 2014, waliwapa watu wazima kazi ya kuchosha ya kunakili namba kutoka kwenye kitabu cha simu. Baadaye wakawapa vikombe na kuwataka wataje matumizi yake mengi kadiri wawezavyo. Waliotoka kwenye kazi ile walitaja mengi kuliko ambao hawakuifanya. Ni jaribio dogo la watu wazima, nami singelijengea falsafa nzima ya malezi. Lakini linaafikiana na kinachoonekana kwa macho nyumbani: akili isiyo na la kufanya hujitafutia.

Tatizo huwa letu wakubwa. Lalamiko la kwanza tu, tunakimbilia kuwasha runinga, na kile ambacho kingezaliwa kinakufa. Jibu "pole, utapata" kisha nenda zako. Hakikisha tu vipo vya kuokota: kamba, chaki, shuka kuukuu, maboksi, karatasi zilizoandikwa upande mmoja. Ugomvi wa ndugu hauhesabiki hapo. Wakianza kupigana, waingilie.

Dhana: Anga ni la wenye darubini

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sijui burudani nyingine ya bei ya sufuri iliyo kubwa hivi na inayopuuzwa hivi. Sayari tano zinaonekana kwa macho matupu: Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali. Zuhura na Mshtarii zinang'aa kiasi kwamba hata taa za mjini hazizifichi. Zitambue kwa utulivu wake. Nyota humetameta, sayari haimetimeti sana.

Kituo cha Kimataifa cha Anga kinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 400 hivi na kukamilisha mzunguko mmoja kwa dakika 90 hivi. Huonekana muda mfupi baada ya jua kuzama au kabla halijachomoza, wakati sisi tuko gizani nacho huko juu bado kinapigwa na jua. Utaona nukta nyeupe isiyopepesa, inayokata anga kwa dakika chache tu. NASA, shirika la anga la Marekani, hutoa bure kwenye intaneti saa za kupita kwake kwa sehemu mbalimbali. Mwambie mtoto kwamba ndani ya nukta ile wamo watu, halafu jiandae kujibu maswali, la choo likiwa la kwanza.

Mkiwa mahali penye giza la kweli, pasipo mbalamwezi, mnaweza kuitafuta galaksi ya Andromeda, kiwingu hafifu kilicho umbali wa takribani miaka milioni 2.5 ya nuru. Mwanga unaoingia jichoni usiku huo uliondoka huko kabla binadamu wa aina yetu hawajakuwepo. Macho yapewe dakika 20 hadi 30 kuzoea giza. Hapo ndipo familia nyingi hukosea: wanatoka, wanaangalia dakika tano, mmoja anawasha simu, na macho ya wote yanarudi mwanzo. Sikukuu ikiangukia karibu na tarehe 13 au 14 Desemba, kuna vimondo vya Geminidi, vinavyoonekana kaskazini na kusini mwa dunia. Kwa vimondo darubini ni kikwazo, maana inafinya eneo la kutazama. Laza mkeka, wote walale chali.

Mchana pia upo. Simika kijiti wima kwenye uwazi na watoto waweke kokoto kila saa penye ncha ya kivuli. Kivuli kifupi kuliko vyote ndicho adhuhuri ya kweli, na aghalabu hakiangukii saa sita kamili, kwa sababu saa za ukutani zinafuata ukanda mzima wa nchi, si jua la uani kwenu. Mabishano ya hapo yanatosha kumaliza alasiri.

Dhana: Hadithi ni za watoto wadogo

Marshall Duke na Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, walitunga maswali 20 ya kupima mtoto anajua nini kuhusu familia yake. Je, unajua wazazi wako walikutana wapi? Unajua jina lako lilitokana na nini? Unajua makosa au shida ambazo wakubwa wako walipitia? Watoto waliojua zaidi walikuwa, kwa ujumla, wenye kujithamini zaidi. Haina maana kwamba kukariri majibu kunaleta kujithamini; Duke mwenyewe amesisitiza hivyo. Huenda familia zinazozungumza ndizo zinazolea vizuri, na maswali yanaonyesha tu nani huzungumza.

Kijana wa miaka kumi na minne hatakaa kusikiliza hadithi ya sungura. Ila mwambie jinsi bibi yake alivyofukuzwa kazi ya kwanza, au jinsi baba alivyofeli mtihani akaficha matokeo, uone kama simu haitawekwa chini. Wakubwa wanapenda kusimulia ushindi, na watoto wanataka kusikia mlivyoanguka. Wape walichokitaka. Na mtoto ndiye aulize; mzee akiachiwa uwanja peke yake, saa mbili zitapita katika nasaba.

Dhana: Sukari ya sikukuu huwatia watoto wazimu

Majaribio mengi yalikusanywa na kuchambuliwa na Mark Wolraich na wenzake mwaka 1995, na sukari haikuonekana kubadili tabia za watoto. Mwaka mmoja kabla, watafiti wengine waliwadanganya akina mama kwamba watoto wao wamepewa sukari, kumbe hawakupewa. Mama hao waliwaona watoto kuwa watundu zaidi. Kinachowapandisha watoto huenda ni kelele, wenzao wengi na kuchelewa kulala. Meno ni kesi nyingine.

Dhana: Ili tufurahi, simu zote zifungiwe kabatini

Linda Henkel, mwaka 2014, aligundua kwamba watu waliotembezwa kwenye makumbusho walivikumbuka vibaya zaidi vitu walivyovipiga picha kuliko walivyovitazama tu. Lakini waliovuta kamera ikaribie sehemu moja ya kitu hawakupata hasara hiyo. Watafiti wengine, miaka miwili baadaye, walikuta kwamba kupiga picha mara nyingi huongeza starehe ya tukio lenyewe. Kwa hiyo marufuku haina msingi. Mpe mtoto simu moja, picha kumi tu kwa siku nzima, achague mwenyewe. Ataangalia vizuri kuliko nyote.

Dhana: Raha ya bure haimgharimu mtu

Hii ndiyo yetu. Tunajisifu kwamba tumekula pamoja nje, tumecheza, hatukutumia kitu. Nani aliamka kabla ya wote? Nani alipika, akafunga vyombo, akakumbuka maji, akafua mashuka yaliyolaliwa nyasini? Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba wanawake hufanya zaidi ya robo tatu ya saa zote za kazi za nyumbani na za kulea zisizolipwa duniani. Sikukuu huongeza mzigo huo, na sikukuu ya kubana matumizi huuongeza zaidi, kwa kuwa kile ambacho kingenunuliwa sasa kinatengenezwa na mikono, na kwa kawaida ni mikono ileile.

Siku moja kabla, kaeni mgawane kazi kwa majina, siyo kwa "tutasaidiana". Anayepika asioshe vyombo. Mtoto wa miaka minne anaweza kupanga vijiko, wa miaka tisa anaweza kusimamia maji, na kijana anaweza kupewa mlo mzima auharibu apendavyo. Menyu ipunguzwe hadi vyakula viwili. Na mama apewe saa kadhaa ambazo hazina ratiba ya familia ndani yake, bila mtu kumfuata kuuliza chumvi iko wapi.