Akili mnemba haitakurudishia kaseti uliyoitupa

Nimeombwa kwa mara nyingine tena, na safari hii na mtu ninayemheshimu, nipokee ujumbe wa sauti wa WhatsApp ambao ni wimbo uliorekodiwa kwa simu kutoka kwenye spika ya redio kaseti, kisha niupitishe kwenye programu ya akili mnemba "ili utoke kama wa studio". Nilipouliza kaseti yenyewe iko wapi, nilijibiwa kwamba ilitupwa wakati wa kuhama nyumba, kwa kuwa wimbo ulikuwa umeshaingia kwenye simu. Makala haya nayaandika kwa ajili yake na kwa ajili ya wote wa Arusha na Moshi ambao bado wana masanduku ya kanda uvunguni mwa vitanda, ziwe za demo za hip hop, za kwaya au za ngoma za harusi, na ambao wanaamini kwamba kazi yangu ya kuhamisha kanda kwenda kwenye kompyuta ni kubonyeza kitufe.

Najua imani hii ilikotoka. Novemba 2023 Beatles walitoa wimbo ambao sauti ya John Lennon ilichukuliwa kutoka kwenye kaseti aliyoirekodi nyumbani kwake akiimba na kupiga piano kwa wakati mmoja, na programu iliyofunzwa kutambua sauti ndiyo iliyomtenga na piano yake, jambo lililowashinda wenzake walipolijaribu katikati ya miaka ya 1990. Tangu hapo kila mtu ananitajia habari hiyo kana kwamba inaniumbua. Wanachokiruka ni kwamba kaseti ilikuwepo. Programu ilitenganisha vitu viwili ambavyo vyote vilikuwa vimerekodiwa. Haikuombwa kutoa kilichokuwa hakimo kwenye kanda, na haikupewa rekodi ya simu iliyobanwa na kubanwa tena njiani. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp hubanwa kwa Opus, mfumo wa kupunguza ukubwa wa faili la sauti, katika kiwango kinachotosha kusikilizana mnapozungumza, na sauti za juu za muziki ndizo za kwanza kutupwa. Faili hilohilo likitumwa kama dokumenti haliguswi. Hili nimelisema mpaka nimechoka, basi nisonge mbele.

Ukiiamuru programu irejeshe sauti za juu ambazo hazimo, itazitunga kwa kufuata mazoea ya nyimbo ilizofunzwa, na mazoea hayo si yetu. Demucs ya Meta, kwa mfano, ambayo naitumia na kuiheshimu, ilijengwa juu ya mkusanyiko wa MUSDB18 wenye nyimbo 150, nyingi zikiwa za pop na rock za Magharibi, pamoja na nyimbo nyingine za ziada, na inaugawa ulimwengu wote katika mafungu manne: ngoma, besi, sauti ya mwimbaji, na mengineyo. Sasa iletee muziki wa Arusha, mji ambao kundi la X Plastaz lilichanganya hip hop na uimbaji wa Kimaasai. Zile sauti nzito za kooni ambazo waimbaji huzipokezana chini ya kiongozi wao, programu huzihesabu mara kuwa besi, mara mwimbaji, mara mengineyo, ndani ya mstari mmoja wa wimbo. Kayamba lina bahati mbaya zaidi, kwa sababu kwa masikio ya programu ya kuondoa kelele, kayamba na mchakacho wa "shhh" wa kanda ni ndugu wa tumbo moja, nayo huondoka na vyote viwili. Mvua juu ya bati, ambayo imo katika nusu ya demo zilizorekodiwa kwenye vyumba vya Ngarenaro wakati wa masika, huondoka ikiwa imeshika mkono wa herufi "s" zote za mchanaji wa rap.

Kinachoniudhi kuliko yote, hata hivyo, ni kudharauliwa kwa ile hatua ya mwanzo, yaani namna kanda inavyosomwa kabla sauti haijafika kwenye kompyuta. Watu hununua kifaa cha bei kubwa cha kuingizia sauti, wakakiunganisha na deki ambayo kichwa chake cha kusomea kanda hakijawahi kufutwa tangu inunuliwe, halafu wakalaumu kanda. Tuchukue azimuthi peke yake, yaani pembe ya kichwa dhidi ya utepe. Kaseti ya Philips, iliyotoka mwaka 1963, hupita mbele ya kichwa kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Gawanya kasi hiyo kwa hezi 10,000 na utaona kwamba wimbi zima la sauti hiyo, juu ya utepe, lina urefu wa mikromita 4.76 tu. Njia moja ya stereo, yaani ukanda wa utepe uliobeba sauti ya kushoto au ya kulia, ina upana wa karibu milimita 0.6. Kichwa kikiinama kwa nusu digrii kutoka kwenye digrii 90 zinazotakiwa, ukingo wa juu wa njia hiyo na ukingo wa chini vinasomwa vikiwa vimepishana kwa zaidi ya mikromita 5, ambayo ni zaidi ya wimbi zima, na kwa hiyo sauti za eneo hilo hujifuta zenyewe ndani ya njia moja. Mwenye kanda husikia wimbo umefunikwa na blanketi, akasema kaseti imezeeka.

Dawa yake ni bisibisi ndogo isiyo na sumaku. Kando ya kichwa kuna skrubu yenye springi; unaunganisha njia ya kushoto na ya kulia ziwe moja, unaigeuza skrubu kidogokidogo huku kanda ikicheza, na ghafla matoazi ya ngoma (hi-hati) yanafunguka. Inafanywa upya kwa kila kanda, na wakati mwingine kwa kila upande wa kanda, kwa sababu lengo ni kuufuata upindaji wa deki iliyorekodi, hata kama deki hiyo ilikuwa mbovu. Kuna mafundi wenzangu wanaosema kwamba siku hizi programu hurekebisha azimuthi. Programu hurekebisha tofauti ya muda baina ya kushoto na kulia, na hapo uwezo wake unakoma. Kilichojifuta ndani ya njia moja hakikufika kwenye faili, na hakuna hesabu itakayokitoa huko kisikokuwepo. Tafadhalini, jambo hili si suala la maoni.

Jambo la pili ni ule mvumo wa umeme ambao kila mteja huniomba niuondoe kwanza kabisa, kabla hata hajaketi. Umeme wetu ni wa hezi 50, na redio kaseti au kichanganyio kilichochomekwa ukutani huacha alama yake kwenye kanda katika hezi 50, 100, 150 na kuendelea. Kuukata bila kufikiri kuna hasara inayojulikana, kwa kuwa teke la ngoma ya mashine katika hip hop linaishi hukohuko chini, na ukiuchuja mvumo kwa pupa unaondoka na kifua cha wimbo. Lakini kuna sababu kubwa zaidi ya kuuacha kwenye nakala ya kwanza, nayo ni kwamba mvumo huo ndio rula. Deki nyingi za mitaani hazikuwa na kasi sahihi. Nikiifungua rekodi kwenye picha ya masafa na kuona mstari uliotakiwa kuwa kwenye hezi 150 umesimama kwenye 154.5, najua kwamba kanda inacheza kwa kasi iliyozidi asilimia 3, na kwamba sauti ya mchanaji imepanda karibu robo toni juu ya ile aliyokuwa nayo chumbani. Ninapima kwenye 150 au 250 badala ya 50 kwa sababu huko juu kosa dogo linaonekana vizuri zaidi.

Mara nyingi mistari huwa miwili iliyokaribiana. Ule uliosimama palepale kwenye 150 ni wa deki yangu mwenyewe au nyaya zangu, na huo hauna habari yoyote ya kunipa. Ule mwingine ndio ulioko kwenye kanda. Ikionekana mitatu, tayari najua kwamba nimeletewa nakala ya nakala, hata kama mwenyewe ameapa kwamba hiyo ndiyo masta, yaani kanda ya asili, na hapo ndipo ninapomwomba apige simu kwa wenzake wa zamani kabla hatujaendelea. Masta iliyopatikana huko Moshi na kutumwa kwa basi ina faida kubwa kuliko mwezi mzima wa kuchezea programu.

Pasipo na mvumo natafuta kitu kingine. Kanda iliyorekodiwa kwa betri haina mvumo, na betri zikiwa zinakwisha, mota hupungua kasi wakati wa kurekodi, kwa hiyo leo wimbo huanza sawa kisha ukapanda taratibu mpaka mwimbaji anakuwa mtoto. Ikiwa kuna redio iliyowashwa chumba cha pili na zile alama sita za saa za BBC zikasikika, tumeokoka, kwa sababu zina hezi 1,000. La sivyo nabaki na masikio yangu na kinanda, na wala sijidai kwamba huko ni kupima.

Hata hiyo rula ina shaka ambazo vitabu huzipitia haraka. Gridi yenyewe haisimami kwenye 50 kamili. Hupanda na kushuka kidogo kadiri mzigo unavyobadilika, na jenereta ndogo ya mtaani hupanda na kushuka zaidi. Kwa hiyo naposema asilimia 3 namaanisha tatu na ushee, ama tatu kasoro. Dolby B, mfumo wa kupunguza kelele za kanda, ni shaka nyingine. Hunyanyua sauti za juu zilizo hafifu wakati wa kurekodi ili zishushwe pamoja na "shhh" wakati wa kucheza, na kanda za kwetu haziandikwi kama imetumika au la. Wakati fulani nasikiliza, naamua kwamba imetumika, na kesho yake naamua vingine. Ndiyo maana naingiza bila Dolby, nikaacha uamuzi huo kwa nakala ya pili; na kama azimuthi haikukaa sawa, hata hiyo nakala ya pili itapotoka, kwa kuwa kinachofungua Dolby hufuata kiwango cha sauti zilezile za juu zilizopotea.

Mara mojamoja huja kanda inayocheza mashairi polepole upande mmoja, na upande wa pili vyombo vikienda kinyumenyume, na mwenye nayo anaamini imerogwa. Ni ya mashine ya njia nne, ambayo hutumia upana wote wa utepe kuelekea upande mmoja na aghalabu kwa kasi maradufu. Ichezwe pande zote mbili, upande mmoja ugeuzwe kwenye kompyuta, kasi irekebishwe, na utakuwa na njia nne safi bila akili mnemba yoyote.

Uhifadhi nitaupitia upesi. Faili liwe WAV, biti 24, kilohezi 96; IASA, chama cha kimataifa cha hifadhi za sauti na picha, wanapendekeza biti 24 na kilohezi zisizopungua 48. Dakika moja ya stereo ni megabaiti 35 hivi, na kaseti ya dakika 60 ni karibu gigabaiti 2. Nakala ziwe tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba, na kila moja iwe na alama yake ya SHA-256 ya kuhakiki. Kuhusu kilohezi 96, nitasema ambalo wenzangu hawapendi lisemwe: demo nyingi ninazoletewa hazina kitu chochote juu ya kilohezi 12, na "shhh" ya kaseti isiyo na Dolby imefunika kila kilicho chini ya desibeli 50 na kitu kutoka kileleni, hivyo 48 na biti 16 zingetosha kwa usikivu. Naendelea na 96 kwa sababu diski ni rahisi na kuingiza upya ni kazi, na pia, kusema kweli, kwa sababu sitaki kubishana na mtu wa hifadhi fulani miaka kumi ijayo.

Suala la haki linanitia wasiwasi kuliko ninavyoweza kulieleza hapa. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi kwa maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, lakini makundi yale hayakuandikishana chochote, na leo mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kumtoa marehemu kwenye mdundo wake na kumweka juu ya mdundo mwingine. Kwa hiyo sauti zilizotenganishwa simpi mtu mmoja wa kundi pasipo wenzake, au familia, kujua. Nimeshaitwa mbishi kwa sababu hiyo na nitaendelea kuitwa.

Kila kazi hutoka na mafaili mawili: ghafi, yenye mvumo, mvua na jogoo, na iliyosafishwa, ambayo mteja ataisambaza. Anayetaka lile la pili peke yake simfanyii. Ugomvi mkubwa zaidi nimeupata kwenye kasi, na hapo sina hakika kama niko upande sahihi. Mchanaji mmoja wa Kijenge nilimrudishia demo yake katika kasi niliyoikokotoa kwenye mvumo, sauti yake ikiwa nzito kama ilivyokuwa siku ile, naye akaikataa. Nakala zote zilizouzwa mitaani zilitoka kwenye deki moja iliyokimbia, wimbo ulijulikana hivyo, watu waliucheza hivyo, na yeye mwenyewe alijifunza kuuchana jukwaani katika kasi hiyo. Nilimweleza hezi 154.5. Alinijibu kwamba hakuna aliyewahi kuusikia wimbo wake katika hiyo 150. Katika maelezo ya faili ghafi niliandika kasi zote mbili na namna nilivyozipata, na nakala ya kusambaza ikatoka katika ile ya haraka, kwa sababu wimbo ni wake.