Kifaa chenye laana katika michezo ya kuigiza wahusika

Kifaa chenye laana ni silaha, vazi, pambo au chombo cha kichawi ambacho mhusika wako anakipata mchezoni, anakifurahia, kisha anagundua kina sharti ambalo hakuambiwa, na kukiacha hawezi tena. Lazima yote mawili yawepo, sharti la siri na kushindwa kukiacha. Upanga butu hauna laana yoyote: unautupa baharini, unaendelea na safari. Chenye laana kinakung'ang'ania.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: mchezo uliofungua njia hii ni Dungeons & Dragons wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliotoka Marekani mwaka 1974. Si kama dhumna ya barazani, kwamba mmoja atashinda na wengine wataliwa. Mwendesha mchezo anasimulia, kila mchezaji anamsemea mhusika wake, na penye shaka dadu ya pande 20 inaamua. Wazee wakisikia laana na majini huenda wakashtuka, lakini mezani hapo hakuna ubani wala kafara. Ni karatasi, penseli na maneno.

Zamani laana nyingi zilikuwa mitego tu. Kulikuwa na panga zilizompunguzia mpiganaji shabaha badala ya kumwongezea, na hakuna aliyezipenda. Lakini kulikuwa pia na mfuko ambao ukiutazama utadhani ni ule wa ajabu unaomeza mizigo bila kujaa, kumbe ni kinywa cha kiumbe kikubwa kinachoishi nje ya ulimwengu huu. Ukitia mkono, huenda ukavutwa mzima mzima. Huo bado naupenda, kwa sababu mchezaji anajiingiza mwenyewe kwa tamaa yake.

Laana nzuri inahitaji chambo kinono kama ndoana yake ilivyo kali. Katika toleo la Dungeons & Dragons la mwaka 2014 kuna ngao inayokupunguzia madhara ya mishale. Neema, sivyo? Ila kila mshale unaolengwa kwa mtu aliye karibu nawe, yapata mita 3, unageuka na kukufuata wewe. Ukiivua ngao, laana inabaki mwilini. Kuna na shoka linalomwongezea mwenyewe uhai na nguvu ya pigo, lakini adui akimjeruhi anaweza kupandwa na wazimu akamkata aliye karibu, hata kama ni rafiki yake. Toleo hilo linataka mhusika akae na kifaa kama saa moja hivi, akikizingatia, mpaka wafungamane. Na kwa kawaida hata uganga wa kutambua vifaa hauioni laana iliyomo.

Sasa tuilete Mombasa. Mbele ya Fort Jesus kuna mabaki ya Santo António de Tanna, merikebu ya Wareno iliyozama mwaka 1697 ngome ikiwa imezingirwa na Waomani. Wanaakiolojia waliichimbua kuanzia 1977, na vitu vilivyoopolewa vimo katika makumbusho ya ngome hiyo. Hayo ni ya kweli. Ya kubuni ni pete ya akiki ambayo mwendesha mchezo anaiweka katika mchanga wa pale chini. Anayeivaa hazami, na usiku anaona chini ya maji kama mchana. Hiyo ndiyo neema yake.

Laana yake inakwenda na bahari. Maji mafu yakiwepo, bahari isipojaa wala kupwa sana, pete ni pambo tu. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bamvua linaingia, yaani maji yanajaa na kupwa kupita kawaida, na mvaaji anarusha dadu: akipata chini ya 15, anaamka usiku na kuifuata bahari inapokupwa, mpaka mtu amshike. Laana hii ina kalenda, nayo inampa mchezaji siku za kuhangaika. Na haki yake aipate mapema: mvuvi mmoja wa Mji wa Kale aitazame ile pete, asogeze kikombe chake cha kahawa, akatae kuishika. Mchezaji akiivaa baada ya hapo, kajitakia.

Kuhusu shoka la wazimu na mfano wake, waulize wenzako kabla hamjaanza. Si kila mtu anafurahia kunyang'anywa mhusika wake akatumiwa kuwadhuru wenziwe.

Kuondoa laana kuna uganga wake mchezoni, na wengi hawausomi vizuri. Kwa sheria za 2014, haukisafishi kifaa. Unakata tu ule mfungamano, mtu akaweza kukivua au kukitupa, na laana ikabaki pale pale. Kwa hiyo baada ya zinguo, pete yetu iko juu ya meza, nzima na laana yake. Mmoja anasema irudishwe baharini. Wa pili anataka kuiuza kwa sonara, asiseme kitu. Wa tatu ameshahesabu kwamba bamvua lijalo liko mbali, na anaomba aazimwe kwa wiki moja.