Je, wajua kwa nini pedali ya breki ya gari la zamani huwa ngumu injini ikizimwa?

Gari lenye uzito wa tani moja na nusu au zaidi husimamishwaje na mguu mmoja? Katika magari mengi ya zamani yenye busta, yaani kifaa cha kuongezea nguvu ya breki, nguvu kubwa haitoki mguuni. Hutoka kwenye hewa hii hii inayotuzunguka. Mbelgiji Albert Dewandre alikuwa miongoni mwa waliotengeneza mtambo wa namna hii, miaka ya 1920.

Injini ya petroli huvuta hewa kupitia karbureta, kifaa kinachochanganya hewa na petroli. Dereva akiachia mafuta, kilango cha karbureta hujifunga huku pistoni zikiendelea kuvuta, na ndani ya manifoldi, yaani mabomba ya kupeleka hewa kwenye silinda, hutokea ombwe: hewa hubaki kidogo mno. Hapa ndipo penye uzuri wake: ombwe huwa kali pale pale mguu unapohama kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki.

Bomba nene la mpira huunganisha manifoldi na busta, lile kopo pana la duara nyuma ya masta silinda, pampu ya mafuta ya breki. Ndani ya busta, diaframu, yaani utando wa mpira unaonyumbulika, hutenga vyumba viwili. Usipokanyaga breki, vyumba vyote vina ombwe, na diaframu hutulia. Ukikanyaga, valvu ndogo hufunga njia kati ya vyumba, kisha huingiza hewa ya nje kwenye chumba cha upande wa dereva. Wengi hudhani injini ndiyo inayoivuta diaframu, kumbe hewa ndiyo inayoisukuma. Kwa diaframu yenye kipenyo cha sentimita 25, na ombwe zuri la injini, msukumo huo unaweza kupita kilo 300.

Mbona basi breki haikabi yote kwa mguso mdogo? Kwa sababu diaframu ikisonga mbele, valvu hujifunga tena. Ukitaka zaidi, lazima ukanyage zaidi.

Injini ikizimwa, valvu ya njia moja huhifadhi ombwe la kutosha kukanyaga mara chache tu. Baada ya hapo breki bado zipo, ila mguu unabaki peke yake.

Kupima busta ni rahisi. Zima injini, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, ishikilie hivyo hivyo, kisha washa. Pedali ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, anza kukagua lile bomba la mpira: likipasuka, huvujisha ombwe, na mara nyingi injini nayo huanza kutetemeka.