Je, wajua kwa nini wagonjwa wengi wa mafuriko hufika maji yakishapungua?

Usiku wa kuamkia 15 Machi 2019, kimbunga Idai kiliupiga mji wa Beira, Msumbiji. Watu zaidi ya 600 walifariki nchini humo, na timu za madaktari zikamiminika na mahema yao. Wengi waliokuja kupanga foleni kwenye mahema hayo walikuwa watu waliookoka kimbunga bila hata mchubuko.

Maradhi ya mafuriko huja kwa zamu. Zamu ya kwanza ni ya kipindupindu, kwa kuwa vimelea vyake vikiingia tumboni huchukua saa chache hadi siku tano tu mtu kuugua. Vyoo vya shimo vikifurika, kisima cha jirani kimekwisha kuchafuka. Watu hupenda kuzisingizia maiti za waliozama, lakini kipindupindu hutoka kwenye kinyesi cha mwenye ugonjwa, na Beira ilikuwa ikikijua tangu zamani. Tarehe 27 Machi kikathibitishwa.

Tiba yake haitaki mashine. Mgonjwa hulazwa kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati, ndoo moja chini ya tundu, nyingine ya matapishi. Muuguzi hutazama kilichomo ndooni, kisha humrudishia mgonjwa kiasi kile kile kwa ORS, yaani maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, au kwa dripu akiwa hoi. Chanjo ya kunywa ilianza kutolewa tarehe 3 Aprili na ndani ya siku chache ikawafikia watu zaidi ya 800,000. Waliougua walipita 6,000, waliofariki hawakufika 10. Kwa mji uliong'olewa mapaa, hiyo ni kazi ya kupigiwa saluti.

Malaria hungoja. Maji ya kasi kwanza huwasomba viluwiluwi wa mbu. Ni madimbwi yanayobaki ndiyo mazalia. Yai lipevuke kuwa mbu, mbu amuume mgonjwa, vimelea vikomae ndani ya mbu, kisha ndani ya binadamu: hapo mwezi umepita, pengine mmoja na nusu. Chandarua kinachogawiwa baada ya homa kuanza kimechelewa, na kwa bahati mbaya huo ndio wakati wafadhili wengi huwa wamekwisha kugeukia msiba mwingine.

Zamu ya mwisho ndiyo isiyopigwa picha. Idai kilifagia mahindi yakiwa yamebakiza wiki chache kuvunwa. Miezi kadhaa baadaye, mkoani Sofala, ulipo mji wa Beira, walianza kuonekana watu wenye ngozi nyeusi iliyokakamaa shingoni na mikononi, kule jua linakopiga, wengine wakiharisha. Ni pelagra, ugonjwa wa kukosa niasini, aina ya vitamini, ambao huwapata wanaoishi kwa ugali bila kitoweo. Vidonge huutibu upesi, lakini anayerudi kwenye ugali mtupu huugua tena. Kwa hiyo daktari anayetaka wagonjwa wa pelagra wapungue hana budi kuuliza habari za karanga, samaki na kunde, na kama mbegu zitafika kabla ya mvua.