Ukipigia wa tatu umepoteza kura? Inategemea ni karatasi gani

Mimi hufunza maajenti wa vyama hapa Nairobi, na kila uchaguzi ukinusa tu naanza kuulizwa, darasani, kwa matatu, hadi kwa kibanda cha chai, ati nikimpigia huyu mdogo si kura yangu imeenda bure? Mimi nauliza kwanza, unaongelea karatasi gani ya kura, maana kila kiti kina yake?

Ile ya bluu ya gavana, ndio, inaweza enda bure. Huko hakuna mambo ya nusu, mwenye kura nyingi anachukua hata akiwa na 30 kwa 100, na seneta, mbunge na MCA (mwakilishi wa wadi) ni hivyo hivyo. Wawili wakigawana wafuasi walewale, wa tatu anapita. Ya urais pia ilikuwa karibu hivyo zamani: 1992 Moi alishinda na asilimia 36 hivi, na Matiba, Kibaki na Jaramogi ukiwajumlisha walikuwa wamepita 60, lakini sheria ilitaka tu uongoze na upate asilimia 25 kwa mikoa mitano kati ya minane.

Karatasi nyeupe ya rais ilibadilika na katiba ya 2010. Kifungu cha 138 kinataka zaidi ya nusu ya kura zote, plus asilimia 25 katika kaunti 24, ikikosekana wawili wa juu wanarudi debeni ndani ya siku 30. Sasa angalia 2022, Ruto alipata 7,176,141 kati ya 14,213,027, yaani alivuka nusu na kama 70,000 tu. Wale wagombea wadogo wawili, Wajackoyah na Mwaure, pamoja walikuwa na 93,956, na hata zote ungempa Raila aliyekuwa wa pili bado angekuwa nyuma, kwa hivyo hawakumharibia, hiyo stori muiache. Lakini kura 70,000 zingetoka kwa Ruto ziende kwa hao wadogo, tungekuwa na duru ya pili.

Na kuna kitu watu hawajui: ukiharibu kura kwa hasira haisaidii. Mahakama ya Juu iliamua 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya ile nusu. Ya mgombea mdogo inaingia. Mimi kama umekasirikia wote wawili wakubwa nakwambia pigia wa tatu, usichore chore karatasi.

Hatari iko pale wa tatu anakaribia wa pili. Ufaransa 2002 kulikuwa na wagombea 16, kura za mrengo wa kushoto zikatawanyika, Jospin wa mrengo huo akapata asilimia 16.18 na Le Pen wa mrengo mkali wa kulia 16.86, Jospin akabaki nje, kisha Chirac aliyeongoza akashinda duru ya pili na asilimia 82. Sisi hatujafika huko, duru ya pili ya urais hatujawahi kufanya hata moja. Na tafadhali msiniambie Oktoba 2017, hayo yalikuwa marudio baada ya korti kufuta uchaguzi wa Agosti.